Kibofu Kisichotulia Baada ya Uzazi
SWALI: Daktari, tangu nijifungue mtoto wa tatu, haja ndogo hunibana ghafla, na pengine hunitoka kabla sijafika msalani. Je, tiba ya kuchochea neva itanifaa?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, kwanza upimwe mkojo na sukari, kisha ujaribu mazoezi ya misuli ya nyonga, kupunguza chai na kahawa, na dawa. Yasiposaidia, ndipo hutumika tiba hiyo ya kuchochea neva: sindano nyembamba huchomwa karibu na kifundo cha mguu, na umeme hafifu hupitishwa katika neva inayopanda hadi sehemu ya chini ya uti wa mgongo, zinakoanzia neva za kibofu, kwa dakika 30 kila wiki, kwa wiki 12. Maumivu ni madogo. Kinachowashinda wengi ni subira, maana nafuu huchelewa. Mjamzito na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hawapewi tiba hii.