Mtandao ukipatikana, au unapopatikana?

SWALI: Naandika maelezo ya Kiswahili ndani ya skripti (faili la amri) inayoendeshwa seva ya Linux inapowaka. Nimeandika: "Mtandao ukipatikana, anzisha huduma ya nakala rudufu." Mwenzangu anasema haieleweki, eti niandike "kama mtandao utapatikana". Nani yuko sahihi?

JIBU: Sentensi yako haina kosa la sarufi, lakini malalamiko ya mwenzako yana msingi. Marekebisho yake ndiyo siyakubali.

Kiambishi -ki- hubeba sharti, kama katika "mvua ikinyesha, sitoki". Hubeba pia wakati: "akifika, mpe barua hii". Hapo msemaji hana shaka kwamba mgeni anakuja. Katika mazungumzo tunaelewana bila shida. Katika skripti, msomaji wako anaweza kuelewa mambo matatu: skripti itazame mtandao mara moja na kuendelea hata kama haupo, isimame hapo ingoje, au huduma ianzishwe kila mtandao unaporudi.

Kwa mashine, hizo ni kazi tatu mbalimbali. Ya kwanza huandikwa kwa if, neno la sharti katika skripti, ya pili kwa kitanzi cha until, yaani amri zinazorudiwa hadi sharti litimie. Ya tatu haikai hata ndani ya skripti yako: kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa mfano, huwekwa katika saraka (folda) ya /etc/network/if-up.d, ambamo skripti huendeshwa kila kiolesura cha mtandao, yaani kiungo cha seva na mtandao, kinapowashwa.

Bahati nzuri Kiswahili nacho kinazitenganisha, ukikiachia nafasi:

"Ikiwa mtandao upo, anzisha huduma, vinginevyo, endelea."
"Subiri hadi mtandao upatikane, kisha anzisha huduma."
"Kila mtandao unapopatikana, anzisha huduma."

Chagua ile inayolingana na kile skripti inachofanya kweli. Nina wasiwasi kwamba wewe mwenyewe hujaamua.

Kuhusu "utapatikana": -ta- inatupeleka mbele, ilhali if haiulizi habari za baadaye. Huendesha amri papo hapo na kutazama imerudisha namba gani. 0 maana yake amri imefaulu. Ndiyo maana nimeandika "upo". Neno "kama" lenyewe si kosa kwenye sharti, ila mimi hulihifadhi kwa ukaguzi, "angalia kama mtandao upo", ili "ikiwa" ibaki na kazi moja tu. Badala ya "vinginevyo", "la sivyo" ni sahihi pia, lakini masikioni mwangu ina harufu ya kitisho.

Hukuuliza kuhusu ukanushi, na huko ndiko wengi huteleza. "Usipopatikana, jaribu tena" ikisimama peke yake inaweza kumhusu msomaji mwenyewe, kwa kuwa u- ya mtandao na u- ya wewe zinafanana. Taja nomino: "mtandao usipopatikana".

Kwenye ujumbe wa kumbukumbu za mfumo, tofautisha -ja- na -ku-. "Mtandao haujapatikana" inafaa wakati kitanzi bado kinazunguka, kwa sababu -ja- inaacha mlango wazi. Muda wa kungoja ukiisha na skripti ikakata tamaa, andika "mtandao haukupatikana". Anayesoma kumbukumbu hizo usiku wa manane atajua mara moja kama angoje au aende kukagua kebo.