Kihisi Kinachoishi kwa Mavuno Yake: Majibu kwa Wasomaji

Barua tatu tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni vihisi visivyotumia waya ambavyo hujipatia nishati kutoka katika mazingira yao. Ni vyema zikasomwa kwa mfuatano, kwa sababu hesabu ya jibu la kwanza inahitajika katika jibu la pili.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa nyanya na kabichi huku Lushoto. Kijana wangu aliyeko chuoni ananiambia kwamba vipo vihisi vya unyevu wa udongo vinavyotuma taarifa kwa redio, na kwamba havibadilishwi betri kwa kuwa vinatumia jua. Wakati wa masika ukungu hufunika milima yetu hata siku tatu mfululizo. Je, kifaa hicho hakitanyamaza?

JIBU: Mzee wetu, hofu yako ni ya haki. Tupige hesabu ya kifaa cha mfano. Kihisi kinapolala, yaani kinapozima kila kitu isipokuwa saa yake ya ndani, kinaweza kutumia maikrowati 5 tu (maikrowati ni sehemu ya milioni ya wati), na usingizi huo kwa siku nzima hugharimu takriban jouli 0.43, jouli ikiwa ni kipimo cha nishati: wati moja kwa sekunde moja. Kikiamka na kutuma ujumbe mfupi kwa redio ya aina ya LoRa, ambayo hufika kilomita kadhaa pasipokuwa na mlima katikati, redio hiyo inaweza kula zaidi ya miliwati 100 kwa muda wa sekunde moja hivi, sawa na jouli 0.13. Ujumbe mmoja, basi, una gharama ya saa saba za usingizi. Ukitaka taarifa kila saa, matumizi ya siku yatafika jouli 3.5 hivi, na sehemu kubwa mno ya hizo itakwenda katika kusema, si katika kupima.

Sasa tutazame mapato. Jua kali la mchana hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli ya sentimita 4 za mraba, ambayo ni kama stempu ya barua, ikigeuza asilimia 15 ya mwanga huo kuwa umeme, itatoa miliwati 60, na kwa saa moja itakuwa imevuna jouli 216, yaani chakula cha kihisi chetu kwa miezi miwili. Lakini mavuno hayo yanahitaji ghala, na ghala la vifaa hivi mara nyingi ni dogo sana. Superkapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, yenye ukubwa wa faradi 1 na inayotumika kati ya volti 5 na volti 2.5, huhifadhi jouli 9 na kidogo. Hujaa kwa muda usiofika dakika tatu, na jua lote linalofuata hupotea kama mahindi yaliyokosa pa kuwekwa. Akiba hiyo ingetosha siku mbili na nusu, lakini kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu superkapasita huvuja polepole hata isipotumiwa.

Pengine utauliza kwa nini lisitumike ghala kubwa zaidi. Betri moja ndogo ya kuchaji, kama ile ya tochi, ina volti 1.2 na huhifadhi jouli zaidi ya 8,000. Tatizo ni kwamba betri huchakaa kwa kujazwa na kumalizwa mara kwa mara, hasa penye joto, ilhali superkapasita huvumilia mizunguko ya aina hiyo mara laki kadhaa. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipounda kifaa walichokiita Prometheus mwaka 2005, waliviweka vyote viwili: superkapasita ikawa kibaba cha matumizi ya kila siku, na betri ikaguswa tu pale kibaba kilipokauka.

Kuhusu ukungu wenyewe, nafurahi kukutuliza, kwani ukungu si giza. Hata mwanga ukibaki sehemu moja ya kumi, paneli ile inahitaji kama dakika kumi tu kupata posho ya siku. Hatari kubwa kwako ni jani la kabichi lililoifunika paneli, au tope lililoirukia wakati wa mvua, kwa sababu hapo mapato yanaweza kushuka hadi yasikidhi matumizi. Iinue paneli juu ya kigingi, uipanguse mara kwa mara, na ununue kifaa kinachopima akiba yake kabla ya kusema, ili ghala likipungua kitume taarifa kila baada ya saa tatu badala ya kila saa. Udongo ulioloa kwa mvua ya siku tatu hauna habari mpya ya kukupa kila saa.

SWALI: Mhariri, naishi Temeke, na mnara wa simu uko kama mita 100 kutoka nyumbani kwangu. Nimesoma kwamba mawimbi ya redio yanaweza kugeuzwa kuwa umeme. Je, naweza kuyatumia kuchaji simu yangu bure?

JIBU: Dada yetu, ulichosoma ni kweli, lakini simu yako haitajaa. Tuseme antena ya mnara inaelekeza upande wako nguvu inayolingana na wati 1,000 zilizosambazwa pande zote. Kwa umbali wa mita 100, pasipo ukuta wala mti, kila sentimita ya mraba itapata pungufu ya maikrowati 1. Antena yako yenye sentimita 100 za mraba itakusanya maikrowati 80, na zikipita katika saketi ya kuzigeuza kuwa umeme, tufanye zimebaki 40. Betri ya kawaida ya simu hubeba jouli 54,000 na zaidi, kwa hiyo ungehitaji miaka zaidi ya 40 kuijaza mara moja. Ukihamia mita 200 kutoka mnarani, miaka hiyo itazidishwa mara nne, kwa sababu nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali.

Hata hivyo, linganisha maikrowati hizo 40 na kihisi cha mzee wa Lushoto. Kwa siku moja zinafika jouli 3.5 hivi, karibu sawa kabisa na mahitaji yake, kwa hiyo kisichoweza kushibisha simu kinaweza kukilisha kihisi. Tena iko njia ya kupunguza gharama ya kusema yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha vifaa visivyo na betri vilivyowasiliana kwa kuakisi mawimbi ya televisheni yaliyokuwapo tayari hewani, kama mtu anayempa mwenzake ishara kwa kioo cha jua badala ya kuwasha taa yake. Mwaka 2017 chuo hicho kilionyesha simu ya majaribio iliyotumia maikrowati 3.5 hivi. Udhaifu wa njia hii ni umbali, kwa kuwa simu ile ilihitaji kituo chake maalumu kilicho mita chache tu kutoka ilipo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Eldoret. Nataka kufanya utafiti kuhusu mitandao ya vihisi hivi, ila nahofia kwamba yote yamekwisha kufanywa ughaibuni. Nianzie wapi?

JIBU: Usisafiri mbali kutafuta mfano. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavisha punda milia wa Laikipia mikanda ya shingoni yenye paneli za sola, katika mradi ulioitwa ZebraNet. Punda milia wawili walipokaribiana, mikanda ilibadilishana kumbukumbu za mahali walikopita, ili mtafiti akimpata mnyama mmoja apate na habari za wenzake.

Tazama pia protokali (kanuni za mawasiliano) ya LEACH ya mwaka 2000, iliyotoka MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ambamo vihisi hupokezana uongozi wa kundi ili betri ya mmoja isiishe mapema kwa kutuma ujumbe kwa niaba ya wengine wote. Kupokezana huko kulibuniwa kwa vihisi vinavyoishi kwa akiba tu. Kihisi kilicho juani na kilicho kivulini hawana kipato sawa, na kuwapa zamu sawa ni kumwonea wa kivulini. Namna ya kugawa zamu kwa kadiri ya kipato, na zaidi kwa kadiri ya kipato kinachotarajiwa kesho, ni swali ambalo bado naliona zuri.

Nakuomba tu usiishie kwenye programu ya kompyuta, ambako makala nyingi ninazozisoma huanzia na kukomea, kwa sababu vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege juu ya paneli havimo katika programu hizo. Weka vihisi vitano juu ya paa la chuo, viwili kati yake chini ya mti, uandike volti za akiba ya kila kimoja kila saa kuanzia Machi hadi Agosti, kisha utuletee takwimu hizo tuzichapishe hapa.