Waranti ya Nyongeza: Uliza Kwanza Nani Anaibeba

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia. Amepata kompyuta mpakato mpya ya milioni mbili na laki moja, na muuzaji anamtaka aongeze laki tatu ili waranti ya mwaka mmoja iwe ya miaka mitatu. "Dada, nilipe au wanataka kunila hela?"

Mdogo wangu, hili nimelipitia. Sisi tunaohariri video na kubuni matangazo tunakula kwa mashine hizi. Ikizima leo, kesho mteja yuko kwa mwingine.

Yangu ilizima mwaka huu katikati ya kazi. Haikuanguka wala kumwagikiwa kitu. Kila mtu akaniambia niipeleke kwa fundi Kariakoo. Nikakataa, maana ikishafunguliwa nje, kituo cha kampuni kinaweza kuikataa. Nilikuwa nimelipia miaka mitatu ya kampuni iliyoitengeneza, na muda ulikuwa haujaisha. Kituoni wakasoma namba iliyo chini ya mashine, wakaona tarehe, wakaagiza madabodi mpya, ule ubao mkuu wa ndani. Sikutoa hata shilingi, wakati madabodi ile peke yake ni karibu nusu ya bei ya mashine. Nilitoka pale kifua mbele, na ninajivunia mpaka leo.

Lakini kabla ya hapo duka moja liliwahi kunipa waranti yake lenyewe, kadi nzuri yenye muhuri. Siku niliyoihitaji, duka limehama na simu haipokelewi. Bado inaniuma.

Ndiyo maana nasema uliza nani anaibeba. HP, Dell na Lenovo wana kurasa za mtandaoni ambako unaingiza namba ya mashine na kuona waranti inaisha lini. HP huuza nyongeza yake kwa jina la Care Pack. Muuzaji aisajili mbele yako, na tarehe isogee. Isiposogea, ulichonunua ni ahadi ya duka.

Kisha soma kisichomo. Chai ikimwagika, kioo kikipasuka, mashine ikianguka, waranti ya kawaida haihusiki, hata ukiongeza miaka kumi. Kinga ya ajali huuzwa kando. Betri nayo mara nyingi hubaki na mwaka mmoja tu.

Vijana, tuache kununua vitendea kazi kwa kuangalia rangi na bei. Mtu anabishania elfu ishirini dukani, halafu karatasi ya masharti haigusi! Soma. Uliza. Soma tena.

Kwako wa Mwanza: kama waranti ni ya kampuni na kuna kituo unachoweza kukifikia bila kusafirisha mashine hadi Dar, lipa hiyo laki tatu. Kama ni ya duka, hiyo laki tatu iweke pembeni iwe ya matengenezo. Na kwa mashine iliyokwisha kutumika ya laki sita, usilipie waranti yoyote ya nyongeza. Vyovyote utakavyoamua, ipige picha risiti ya EFD siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi yake hufutika.