Nia njema na "hujafa hujaumbika": jibu kwa aliyeuliza kosa lake liko wapi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa watakaosoma baadaye: muulizaji anasema Ijumaa, nje ya msikiti, alimwambia jirani yake anayetumia kiti cha magurudumu, "Masikini, hujafa hujaumbika, Mungu atakuponya." Yule bwana akageuza kiti akaenda zake. Muulizaji anasema alitaka kumliwaza tu, na amali huhesabiwa kwa nia.

Hadithi ya nia ni sahihi, lakini inajibu suali la hesabu yako na Mola. Haki ya mja ina daftari lake. Angalia Suratun Nisaa, aya ya 92: aliyeua kwa bahati mbaya hakukusudia, na bado diya, yaani fidia ya damu, inamlazimu, isipokuwa wenyewe waliofiwa wakisamehe. Msamaha uko mikononi mwa aliyefikwa. Angalia na Al-Baqara, aya ya 104, inayohusu neno khasa: waumini walikuwa wakimwambia Mtume "raa'ina" (tuangalie) kwa heshima kabisa, wakaambiwa waliache, waseme "undhurna" (tutazame), kwa kuwa la kwanza liliweza kugeuzwa likawa tusi. Nia yao haikuwa na kasoro. Kilichobadilishwa ni neno. Na Sura ya Abasa ndiyo ningependa uisome leo usiku: Mtume alikuwa akiwalingania wakubwa wa Kikureshi, akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, asiyeona, Mtume akakunja uso. Mwenye kukunjiwa hata hakuuona uso huo, na bado aya za kumkosoa Mtume zikashuka.

Sasa maneno yako yenyewe. "Masikini" inamweka kwenye fungu la wanaopewa sadaka, na nje ya msikiti siku ya Ijumaa inauma zaidi, kwani hapo ndipo watu humtilia sarafu mapajani mtu aliyekuja kusali kama wao. "Mungu atakuponya" inamchukulia kuwa mgonjwa, na huenda mwili wake hauumwi popote. Kinachomsumbua ni ngazi tatu za msikiti zisizo na mteremko. "Hujafa hujaumbika" ndiyo nzito. Methali hii huwaonya wazima wasicheke, na kwa wazima ina kazi yake. Ukimwambia yeye usoni, umemgeuza kuwa kile ambacho wengine wanaombea kisiwafike.

Kuhusu majina, watu hukosea wakidhani ki- na vi- ndiyo shida yote, eti ni ngeli ya visu na viti. Si hivyo: kijana na kiongozi wamo humo humo. Tazama wenyewe wanajiitaje. Viziwi wamelishika neno lao, hata vyama vyao vinajiita vya viziwi. Wanalolikataa ni "bubu", kwa sababu wana lugha, ya alama. "Zeruzeru" achana nalo, sema mtu mwenye ualbino. "Kilema", "kiwete" na "taahira" yaache pia. Mtu mwenye ulemavu, mwenye ulemavu wa viungo, mwenye ulemavu wa akili. Kwa kipofu, wengi hupendelea "asiyeona", wapo wasiojali. Ukiwa na shaka muulize mwenyewe, au tumia jina lake, ambalo mara nyingi ndilo lililosahauliwa.

Kumtaka radhi kuna namna yake, na hapa ndipo wengi wanapoharibu mara ya pili. Usianze na "sikukusudia", kwa sababu hapo unamlazimisha akutetee wewe. Usiseme "kama nimekukosea". Umemkosea, ameondoka mbele yako. Wala usitegemee ile risala ya kuombana radhi inayozungushwa kwa simu kila Ramadhani ikikaribia, maana haitaji kosa. Kaa kwenye barza ili macho yenu yawe sawa, usiegemee kiti chake, mtajie neno lenyewe: "Ijumaa nilikwambia hujafa hujaumbika. Lilikuwa neno baya. Niwie radhi." Basi, nyamaza. Ikiwa walikuwepo watu, waliosikia kosa wasikie na radhi. Akikujibu kwa ukali, sikiliza. Akisema hataki mazungumzo, mwache, na usiende kumtafuta mtu mwengine mwenye ulemavu akwambie kwamba yeye hakuona ubaya. Huyo hawezi kusamehe haki isiyokuwa yake.

Nia njema ina uzito, sikatai. Ndiyo inayotenganisha aliyeteleza na mwenye dharau, na ndiyo sababu wewe unastahili kuelezwa kwa upole badala ya kukaripiwa. Lakini uzito huo ni wa mara ya kwanza. Umeshaambiwa, ukilirudia neno lile lile mwezi ujao, huwezi tena kusema hukujua, na mimi sitaliita kuteleza.

Na ukitaka kumfanyia jambo, usisukume kiti bila ya kumuuliza, na usimuulize aliyefuatana naye "huyu anataka nini?" Zungumza na kamati ya msikiti kuhusu mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ngazi zikiwa na kimo cha sentimita 45, mteremko uwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Watu huufupisha kwa kubana saruji, ukawa mkali, mtu akabakia kusukumwa na wengine. Kabla fundi hajamwaga zege, mwite yule bwana aangalie.