Nahau za Kiingereza kwa anayeanza kazi

Ninyi mnaoanza kazi mahali ambapo vikao na barua pepe ni Kiingereza mwanzo mwisho, acheni kukariri orodha ndefu za nahau. Nyingi hamtazisikia kamwe, na zile mtakazozisikia zina masharti ambayo orodha haiyataji.

Chukua "kick the bucket". Maana yake ni kufa, na karibu kila orodha inayo. Lakini mwenzako akifiwa na baba yake ukamwandikia hivyo, umemtonesha kidonda, sawa na kumwambia mfiwa kwamba mzee wake amekata kamba. Hapo panasemwa "passed away", kama sisi tunavyosema ameaga dunia. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike maana peke yake. Andika pia nani alimwambia nani, na walikuwa wanazungumzia nini. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza nahau.

Za ofisini si nyingi, na zinajirudia. Bosi akisema "let's touch base on Friday", anataka mzungumze kidogo Ijumaa ajue mambo yamefikia wapi. Akiomba "ballpark figure", anataka makadirio ya haraka, usijifungie siku nzima ukitafuta hesabu kamili. "The ball is in your court" maana yake wanakusubiri wewe. "Cut corners" ni kulipua kazi. Ukiisikia ikitajwa juu ya kazi yako, ujue unalaumiwa.

Angalieni pia msemaji anatoka wapi. "Ballpark" imetoka kwenye besiboli ya Marekani, ilhali "sticky wicket", yaani hali ngumu, ni ya kriketi, na Mmarekani anaweza asiielewe kabisa. Inayoleta utata mkubwa zaidi ni "table". Kwa Mwingereza, kama ilivyo kwenye mabunge yetu, ku-table hoja ni kuiwasilisha ijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando kwa sasa. Mkiwa nao wote wawili kwenye kikao kimoja na neno hilo likatajwa, usikae kimya wala usibahatishe. Uliza waziwazi: tunaijadili leo, au tunaiahirisha? Mara nyingi utakuta hata wao wenyewe walikuwa hawajaelewana.