Kipimo cha mkojo na vidonge vya kodeini

Pole sana, ndugu yangu wa Kigoma. Umesema unaendesha winchi bandarini, mkojo wako umeonyesha dawa za jamii ya afyuni, na wiki hiyo ulikuwa ukimeza vidonge vya kodeini, dawa ya maumivu, ulivyoandikiwa baada ya kung'olewa jino; sasa mwajiri anataka usaini barua ya kuacha kazi. Usisaini! Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuka kuwa mofini, ambayo ni ya jamii hiyo ya afyuni, na vile vipimo vya haraka haviwezi kutofautisha mofini hiyo na inayotokana na heroini. Maabara yenye mitambo kamili inaweza. Mwandikie mwajiri barua leo, omba sampuli ileile ipimwe upya huko, uambatanishe cheti cha daktari. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakikufukuza, una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Ila nikuambie ukweli, kodeini inaleta usingizi. Kuendesha winchi huku umeimeza ni hatari kwa wapagazi walio chini yake, kwa hiyo siku nyingine mwambie msimamizi kabla hujapanda.