Zsh yangu inafunguka taratibu mno, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi mwanafunzi, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, laptopu yangu ina Ubuntu na natumia Zsh (programu inayopokea komandi kwenye terminali) na Oh My Zsh (kifurushi cha mipangilio na plagini zake). Kila nikikuta plagini nzuri naongeza, sasa nikifungua terminali nasubiri weee mpaka nachoka, halafu zile rangi za komandi nazo hazitokei. Nifute kila kitu nianze upya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifute kitu bado, kwanza mjue anayekula muda. Fungua .zshrc, faili la mipangilio ya Zsh, mstari wa juu kabisa andika zmodload zsh/zprof, wa mwisho kabisa andika zprof, fungua terminali mpya na itakuletea orodha, iliyokula muda zaidi inakaa juu. Mara nyingi ni nvm, ile ya kubadilisha matoleo ya Node, programu inayoendesha JavaScript, maana inapakiwa kila unapofungua dirisha hata kama siku hiyo hugusi JavaScript. Kama unaitumia kupitia plagini ya Oh My Zsh, weka zstyle ':omz:plugins:nvm' lazy yes juu ya mstari unaoita oh-my-zsh.sh, basi itasubiri mpaka uiite.

Rangi sasa. zsh-syntax-highlighting, plagini ya kupaka komandi rangi, haiji na Oh My Zsh, kuandika jina peke yake hakutoshi, lazima uishushe kwenye ~/.oh-my-zsh/custom/plugins, na ukitumia git clone --depth 1 (git ni programu ya kushusha na kutunza matoleo ya kodi) unaokoa bando kidogo. Kwenye mstari wa plugins=( ) ndani ya .zshrc iwe ya mwisho, na majina tenganisha kwa nafasi tu, ukiweka mkato jina halitambuliki, hapo wengi sana wanakwama.

Kwa maoni yangu plagini ya git, zsh-autosuggestions (inayokupendekezea komandi unapoandika) na hiyo ya rangi zinakutosha kabisa, nyingine toa mojamoja huku unapima kwa time zsh -i -c exit. Plagini usiyojua inakufanyia nini haina sababu ya kukaa humo, hata kama jamaa wote wa hosteli wanayo.

Ukishabadilisha tumia exec zsh, usitumie source, maana source inarundika mapya juu ya ya zamani na unaweza kudhani umerekebisha kumbe bado. Na hiyo .zshrc itunze kwenye git, ila nywila na funguo za API ziweke faili la pembeni lisilopanda GitHub, hili nakuomba sana. Siku ikigoma kabisa kufunguka, zsh -f inakupa Zsh tupu isiyosoma .zshrc, unaingia unarekebisha.